Jua Linachomoza Mara ya Pili Uani Kwangu

Mwanangu mwandishi, pokea salaam zangu kutoka Arusha.

Safu yako huwa nasomewa na mjukuu wangu kwenye simu yake, na sikuwahi kudhani ipo siku nitakuandikia mimi. Nina miaka 62, kazi yangu ni ushonaji. Nakaa kwenye nyumba aliyoijenga marehemu mume wangu mwaka 1987, dakika kumi kwa miguu kutoka Mnara wa Saa. Niko na mama mkwe wangu, mzee wa zaidi ya miaka 85, pamoja na wajukuu wawili.

Miaka mitatu iliyopita, ng'ambo ya barabara upande wetu wa mashariki, zilibomolewa nyumba za zamani, wakazungushia mabati, kazi ikaanza. Tulikula vumbi, tulilala na kelele za kumwaga zege usiku kucha, lakini tulivumilia. Tena nisiseme uongo, tulifurahi. Barabara yetu iliwekwa lami, taa zikaja, kina mama wanaopika chakula wakapata wateja. Sasa jengo limekwisha. Lina ghorofa 11, vioo vitupu kutoka chini hadi juu, vya buluu ya kumeta, na uso wake mzima unatazama kwetu.

Baraza yangu inatazama mashariki. Marehemu aliijenga hivyo kwa makusudi. Asubuhi, na unaijua baridi ya Arusha ya Juni na Julai, tunaota jua. Ikifika mchana nyumba yenyewe inatutilia kivuli. Hapo ndipo cherehani yangu ilipokaa miaka yote, na hapo ndipo Bibi hukaa kwenye mkeka akichambua mboga. Tangu mwisho wa Agosti mambo yamegeuka. Ikifika saa kumi alasiri, jua linachomoza mara ya pili, kutoka mashariki, kwenye vile vioo. Linatupiga usoni mpaka karibu saa kumi na mbili kasoro. Nashona sare za shule. Kitambaa cheupe kinaniwakia machoni, tundu la sindano silioni, kichwa kinauma mpaka usiku. Saa hizo ndizo nilizokuwa nikimalizia kazi za siku. Sasa cherehani iko chumbani, gizani, na kazi za wateja zinachelewa.

La pili ni juu kabisa ya lile jengo. Wamefungua mgahawa wa wazi. Watu wanapanda jioni kuangalia Mlima Meru na mji, wanapiga picha. Sisi tuko chini yao. Bafu letu liko uani, halikuwa na paa, tumelifunika turubai. Mwezi uliopita mjukuu wangu alinionyesha picha mtandaoni: jua linazama, mapaa ya mji yanang'aa, na pale chini, wazi kabisa, uani kwetu. Bibi amekaa kichwa wazi, mjukuu anamsuka. Bibi alipoiona hakusema neno. Tangu siku ile hatoki nje bila kujifunika gubigubi, hata kwenda msalani.

La tatu naona aibu kuliandika. Kutoka mlangoni kwangu nilikuwa nauona Mlima Meru. Marehemu kila asubuhi alisimama pale, akautazama kwanza kabla hajachukua mwavuli. Alikuwa anasema mlima ukijifunga kilemba, usianike nguo. Miaka sita tangu aondoke, na mimi nasimama palepale kila asubuhi. Sasa naona vioo, na ndani ya vioo najiona mimi.

Nilikwenda kwenye lile jengo, mlinzi akanirudisha getini. Nilikwenda ofisi ya serikali ya mtaa, nikaambiwa, "Mama, weka mapazia." Jirani mmoja akasema nina wivu na maendeleo ya watu. Mwanangu mkubwa, yuko Dar es Salaam, ananiambia niuze nije nikae kwake, na kweli dalali amekwishakuja mara mbili, anasema tajiri yupo na hela ipo mkononi. Hati ya nyumba imo kwenye sanduku la marehemu, sijalifungua.

Mwanangu, je, mimi ni mtu wa kuzuia mji usikue? Na kama siyo, nianzie wapi?

Mama wa Cherehani, Arusha

*

Shikamoo Mama.

Nimeisoma barua yako mara nne. Mara ya kwanza nilisimama pale uliposema ndani ya vioo unajiona wewe, nikaiweka kando, nikarudi jioni.

Swali lako la mwisho nalijibu kwanza, kwa sababu naona ndilo linalokufunga mikono. Wewe humzuii mtu. Umevumilia vumbi na kelele za miaka mitatu bila kuandika mstari mmoja, na umekiri mwenyewe kwamba lami na taa zimekufaa. Mwenye wivu hasemi hayo. Tena mtu asikwambie kwamba kioo ndiyo sura ya maendeleo. Soko la Kariakoo, alilolichora Mtanzania mwenzetu Beda Amuli miaka ya 1970, lina paa la miavuli mikubwa ya zege, iliyowekwa ili upepo upite na jua libaki nje. Lilikuwa jengo la kisasa kuliko mengi ya wakati wake, na lilijengwa kwa kujua jua letu lilivyo. Mume wako alilijua jambo hilohilo alipochagua upande wa kuelekeza baraza. Arusha iko nyuzi tatu na kitu tu kusini mwa ikweta. Jengo la vioo vitupu hapa linameza joto, halafu linanunua umeme wa kulitoa, na mwanga linaoukataa linamrushia jirani. Jirani huyo ni wewe.

Sasa tuingie kwenye kazi. Barua yako ina mambo matatu, na nadhani shida yako kubwa ni kwamba unayabeba kama mzigo mmoja. Kuna mwanga, kuna macho ya watu, na kuna mlima. Ukienda ofisini ukayamwaga yote kwa pamoja, watasikia la mlima, watatabasamu, watakwambia uweke mapazia. Hayo mawili ya kwanza yana dawa. La tatu halina dawa ya ofisini, na nitakwambia kwa nini, ila nipe nafasi nilifikie.

Mwanga. Kwanza nikutoe hofu moja ambayo hukuitaja lakini huenda majirani watakutia: jengo halitaunguza nyumba yako, maadamu ule uso ni bapa. Kioo bapa hurudisha mwanga jinsi kilivyoupokea, hakiukusanyi. Balaa huja kioo kikibonyea ndani kama dishi la televisheni. London kuna jengo refu, namba 20 mtaa wa Fenchurch, alilolichora Rafael Viñoly. Uso wake wa kusini umebonyea. Mwaka 2013, kabla halijaisha, jua lililorudishwa na ule uso lilikusanyika barabarani likayeyusha sehemu za gari lililoegeshwa pale. Kwa hiyo naomba mtu asimame pembeni mwa jengo lenu aangalie kama ule ukuta wa vioo umenyooka. Ukiwa umebonyea hata kidogo, usingoje, toa taarifa siku hiyohiyo. Ukiwa bapa, tatizo lako ni macho, kichwa, joto la baraza na saa za kazi ulizopoteza. Nayo yanatosha.

Nilikaa na karatasi nikachora jua lako. Kwenu jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, kabla ya katikati ya Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Kioo kilichosimama wima hulirudisha jua kwa mteremko uleule lililokuja nao. Hapo Arusha, katika miezi inayokaribia Oktoba, kama saa tisa na nusu jua liko nusu ya njia kati ya utosi na upeo, basi mwanga unaotoka kileleni mwa jengo unatua umbali ulio sawa na urefu wa jengo lenyewe. Ikifika saa kumi na nusu unatua mbali karibu mara mbili ya urefu huo. Ghorofa 11 ni kama mita 40. Uliponiambia saa kumi, nilijua nyumba yako iko mita hamsini hivi kutoka pale. Kisha jua likizidi kushuka, lile jua la kioo nalo linateremka ghorofa kwa ghorofa mpaka nyumba za nyuma yako zilizuie. Hujaota, Mama. Hesabu yako na hesabu ya jua zinakubaliana.

Na uliposema limeanza mwisho wa Agosti, nikapata jambo la pili. Jua linahama kuelekea kusini sasa, kwa hiyo mwanga wa kioo unahama kuelekea kaskazini. Oktoba ikikolea utaanza kukuacha. Utasema alhamdulillahi au asante Mungu, utanyamaza, na hapo ndipo utakapokosea. Novemba hadi Januari, siku za jua kali kabisa, utakuwa kwa jirani yako wa upande wa juu, upande wa mlima. Kwako utarudi Machi hadi katikati ya Aprili, ingawa mawingu ya masika huenda yakakusaidia, halafu Agosti na Septemba tena, kila mwaka, jengo likiwa limesimama. Jirani yako huyo wa juu, hata kama ndiye aliyekuambia una wivu, mwendee leo. Mweleze kwa upole kitakachompata kabla hakijampata. Krismasi ikifika atakuwa shahidi wako bora.

Nunua daftari. Kila siku ya jua andika tarehe, saa mwanga ulipoingia barazani, saa ulipotoka, ulikuwa unafanya nini na ukashindwa nini. "Mashati sita ya mteja yamelala mpaka kesho." Mjukuu apige picha kutoka kwenye kiti chako cha cherehani, simu iwe inaonyesha saa. Ukipata kipimajoto cha ukutani, kitundike pale ulipokuwa ukikaa, usome saa tisa na usome tena saa kumi na moja. Mtu anaweza kubishana na malalamiko. Daftari la mwezi mzima linamtoa jasho.

Halafu uandike barua kwa mwenye jengo, kwa jina la meneja wa jengo kama hulijui jina la mwenyewe. Usiende getini kwa mlinzi, yeye ameajiriwa kukurudisha. Barua iwe fupi, isainiwe na wewe na majirani wanaoguswa, na uombe kitu kidogo kinachowezekana. Hapo watu wengi hukosea, wanaandika "mbomoe" au "mtulipe". Wewe omba kile kipande cha uso wa magharibi kinachorudisha mwanga barazani kwako kiwekewe kizuizi: karatasi ya kupunguza mng'ao inayobandikwa kwa nje, au mabapa ya kukinga jua. Si jengo zima. Pale London walifanya hivyo, mwaka 2014 uso ule ukawekewa mabapa. Na Los Angeles kuna Ukumbi wa Muziki wa Walt Disney, kazi ya Frank Gehry, uliofunguliwa mwaka 2003. Ulifunikwa kwa bati za chuma cha pua, na baadhi yake zilikuwa zimesuguliwa mpaka zikawa kioo. Wakaazi wa ghorofa za ng'ambo ya barabara walilalamika kwamba vyumba vyao vimekuwa tanuri. Mwaka 2005 zile bati zilizosumbua zilipigwa msasa zikafifia. Ukumbi upo mpaka leo, unasifiwa dunia nzima. Nayataja haya ili meneja akikwambia haiwezekani, ujue inawezekana na imekwishafanyika, kwa majengo yenye fedha na fahari kuliko lake.

Nakala ya barua hiyo iende kwa mtendaji wa mtaa, kwa mtendaji wa kata, kwa mkurugenzi wa jiji, na kwa ofisi ya kanda ya NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ambayo iko hapohapo Arusha. Kila mahali beba nakala mbili, moja wabaki nayo, nyingine wakugongee muhuri wa kupokelewa na tarehe. Bila muhuri, barua hiyo haikuandikwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inamruhusu mtu kudai haki hiyo. Muulize NEMC kama tathmini ya athari kwa mazingira ya jengo lile ilifanywa, na kama majirani waliulizwa. Muulize mkurugenzi kama kibali cha ujenzi kilionyesha aina ile ya kioo. Uliza kwa maandishi, ujibiwe kwa maandishi.

Wakati barua inazunguka, uendelee kushona. Maduka ya pembejeo hapo Arusha yanauza neti ya kivuli, ile nyeusi au ya kijani wanayotumia wakulima wa mboga na maua. Tundika mbele ya baraza, ya kushusha alasiri na kukunja asubuhi, ili usiwanyime jua la kuota. Pembeni panda mpasheni utambae kwenye waya. Ila, Mama, kabla ya kuitundika, piga picha zako zote. Na risiti ya neti itunze kwenye daftari.

Sasa macho ya watu. Hili ndilo lililonikasirisha, na sitaki kulificha. Mzee wa miaka 85 anasukwa nywele uani kwake, na kesho yake anajifunika gubigubi kwenda msalani. Mwenye simu alitaka jua linalozama, ninaamini hivyo, hakumtazama hata yule mzee. Lakini Bibi amejiona kwa macho ya watu wasiomjua.

Na yule wa ofisi ya mtaa aliyekwambia uweke mapazia, nina habari yake. London tena, kuna jumba la sanaa linaloitwa Tate Modern. Mwaka 2016 walifungua jengo jipya, na kwenye ghorofa ya kumi wakaweka ukumbi wa wazi wa watalii kutazama mji. Ng'ambo kulikuwa na nyumba za watu zenye kuta za vioo. Watalii kwa maelfu wakawa wanachungulia sebuleni mwa watu na kupiga picha. Wenye nyumba walishtaki. Mwaka 2019 walishindwa, na jaji akasema wangeweza kushusha mapazia yao. Mwaka 2020 wakashindwa tena kwenye rufaa. Februari 2023 Mahakama ya Juu ya Uingereza, majaji watatu dhidi ya wawili, ikawapa ushindi. Ikasema kutazamwa na kupigwa picha mfululizo namna ile ni kero ambayo sheria inaitambua, na haifai mwenye kuonewa ndiye aambiwe ajifungie ndani.

Hukumu ile haizifungi mahakama zetu, lakini shina la sheria yetu ya madai ndilo hilohilo, na mawakili wetu huzinukuu hukumu za kule. Ila niwe mkweli kwako: majaji wale walisema pia kwamba kuchunguliwa tu na jirani aliye juu si kosa. Mfanyakazi wa ghorofa ya sita anayetupa jicho dirishani huna la kumfanya, huo ndio mji. Unacholalamikia wewe ni ule mgahawa, mahali palipofunguliwa kwa biashara ya kutazama na kupiga picha, na uani kwako pako ndani ya picha. Andika hivyohivyo kwenye barua, kwa aya yake peke yake, usiichanganye na ya mwanga. Unaweza kuitaja Ibara ya 16 ya Katiba yetu, inayosema kila mtu anastahili kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na unyumba wake. Na hapa pia omba kidogo: upande wa mgahawa unaotazama kwenu uwekewe kioo cha ukungu cha kimo cha mtu, au safu ya mimea kwenye vyungu virefu. Mlima uko kaskazini mashariki, nyinyi mko magharibi, mlima wanaouuza hawaupotezi. Nadhani hili watalikubali haraka, kwa kuwa ni rahisi, na ukilipata hili la kwanza Bibi atatoka nje. Ningekuwa wewe ningelianza.

Wakikaa kimya mwezi mzima, nenda Baraza la Kata uombe suluhu. Tangu mwaka 2021 mabaraza hayo hayatoi hukumu kwenye migogoro ya ardhi, lakini kazi ya kusuluhisha wanayo bado. Ikishindikana hapo, tafuta msaidizi wa kisheria, wapo na wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, msaada wao ni wa bure kwa asiye na uwezo. Mpelekee daftari na mihuri yako. Atajua pa kukupeleka.

Mlima, Mama.

Sheria haikulindii mlima. Nimetafuta, na jibu ni la zamani sana. Mwaka 1610 huko Uingereza mtu aitwaye William Aldred alimshtaki jirani aliyejenga banda la nguruwe ubavuni mwa nyumba yake. Majaji walimpa haki kwa ajili ya ile harufu. Ila walieleza kwamba mandhari, kile mtu anachokiona kutoka mlangoni, ni jambo la kupendeza macho, si la lazima, na kwa hilo hakuna madai. Miaka mia nne na zaidi imepita na wanasheria bado wanasimama hapo. Wewe na mimi tunajua kwamba mlima ule haukuwa wa kupendeza macho tu. Ulikuwa salamu ya asubuhi kati yako na mume wako, na uliendelea miaka sita baada yake. Kwa hiyo ninapokwambia usiuandike kwenye barua ya meneja, usinielewe kwamba ni jambo dogo. Ni kubwa kuliko karatasi ile, na meneja hana cha kukurudishia. Hiki ni kilio, na usione aibu kulia. Mlima wenyewe haujahama, una mita zake 4,562 palepale. Nina hakika kuna kona, labda hatua mia mbili kutoka mlangoni, ambapo jengo linaisha na mlima unaanza. Mchukue mjukuu asubuhi moja muitafute. Mwonyeshe kilemba.

Limebaki la kuuza, na hapa nitakuwa mkali kidogo kwa sababu ninaogopa. Usimpe dalali yule jibu lolote sasa, hata la "nitafikiria". Anakuja wakati kichwa kinakuuma, na anajua. Umesema hati imo sandukuni na hujalifungua kwa miaka sita. Kwa hiyo huenda nyumba bado ina jina la marehemu, na mirathi haijafunguliwa. Kama ni hivyo, huna uwezo wa kuuza hata ukitaka, wala mwanao hana, mpaka mahakama iteue msimamizi wa mirathi, na mama yake marehemu naye asikilizwe. Anayekuharakisha uweke dole gumba kabla ya hapo anakutafutia kesi.

Tena angalia ndani ya hati yenyewe kuna muda gani. Hapa kwetu ardhi ya mjini tunamilikishwa kwa miaka, wengine 33, wengine 66, wengine 99. Kama marehemu alipewa miaka 33 wakati alipojenga, mwaka 1987, basi ilikwisha 2020, mwaka huohuo ulipokuwa kwenye msiba au baada yake kidogo, na hakuna aliyekumbuka. Simaanishi kwamba umenyang'anywa. Maana yake ni kwamba unatakiwa kwenda ofisi ya ardhi kuomba kuhuisha, na uende kabla tajiri wa dalali hajaligundua yeye. Mara nyingi nimesikia watu wakipigania mwanga wa dirisha huku kiwanja chenyewe kikiwaponyoka kwa karatasi iliyolala sandukuni. Hili lifanye mbele ya barua zote nilizokutajia.

Mambo hayo yakiwa sawa, na baada ya mthamini aliyesajiliwa kukupa bei kwa maandishi, ukitaka kuuza uuze, ukitaka kubaki ubaki. Mwanao nadhani anakuhurumia, anasikia mama yake ana maumivu ya kichwa na anatoa dawa anayoijua. Hajaiona baraza saa kumi.

Basi mwite. Asije Jumapili ya kula na kuondoka, aje siku ya kazi, mwezi huu huu, kabla jua halijahamia kwa jirani. Asubuhi mfungue lile sanduku pamoja, wewe, yeye na Bibi. Mchana aende na hati ofisi ya ardhi. Alasiri umtolee kiti barazani, pale cherehani ilipokuwa, akae mpaka saa kumi na mbili kasoro, na yeye ndiye aandike ukurasa wa kwanza wa daftari.